Kukarabati nyumba ya wazazi Lubumbashi: anza na paa, rangi iwe ya mwisho

Nyumba ya wazazi ikianza kuchoka, wengi wetu hukimbilia rangi na karo (vigae). Fundi anaitwa mwezi wa kumi na moja, sebule inang'aa kwa Noeli, mvua ya Januari inapenya darini, na kufikia Pasaka rangi imeshavimba na kubanduka. Fedha imekwenda, na tatizo liko palepale.

Kwa nyumba za zamani za hapa kwetu, ziwe za Makomeno, Bel-Air, Katuba, Ruashi au za kambi za kampuni ya migodi ya Gécamines, fedha ya kwanza iende kwenye vitu ambavyo hakuna mgeni atakayevisifu: paa, maji ya mvua, mchwa, nyaya na mabomba. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kutoka juu kwenda chini na kutoka nje kuingia ndani, kwa sababu maji nayo hufuata njia hiyohiyo.

Na kuna jambo naliamini kabisa: waliojenga nyumba hizi walijua jua na mvua ya Katanga. Waliinua dari juu, wakajenga kuta nene za matofali ya kuchoma, wakaacha vitundu vya hewa chini ya dari, wakamwaga sakafu ya simenti nyekundu inayobaki baridi hata katika joto la Oktoba. Mwenye kukarabati anapaswa kutenganisha kilichoharibika na kinachofanya kazi yake vizuri, asije akabomoa cha pili kwa sababu tu kimezeeka.

Kwanza, kikao cha familia

Kama mzazi ameshafariki, nyumba ni ya warithi, hata kama wewe ndiye unayelala humo na ndiye mwenye fedha. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa ambao mzazi aliwatambua akiwa hai. Mke au mume aliyebaki naye ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi. Kwa hiyo mama haulizwi kwa heshima tu kuhusu chumba chake. Ana haki yake.

Kaeni kikao, mpigieni simu yaya (dada au kaka mkubwa) aliyeko Kinshasa au Ndola, muandike karatasi na kila mmoja atie sahihi. Iandikwe wazi: fedha unayotoa ni zawadi kwa familia, ni deni litakalolipwa nyumba ikiuzwa, au ni badala ya kodi kwa miaka mnayokubaliana. Risiti zote zitunzwe kwenye faili moja. Angalieni pia karatasi za parseli (kiwanja): je, kuna certificat d'enregistrement, yaani hati miliki, au ni livret de logeur tu, kile kijitabu cha mkaazi, ya tangu enzi za babu? Kama jina lililoandikwa bado ni la marehemu, anzeni kulishughulikia sasa. Ugomvi wa ndugu umesimamisha kazi nyingi nusu katika mji huu, mabati yakiwa yameshashushwa.

Panga kazi kwa majira

Mvua zetu zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, zinakoma Aprili. Kiangazi ni miezi sita, na kazi yote ya maana inapaswa kuingia humo. Paa lifunguliwe Mei au Juni. Kuta zivuliwe lipu ya zamani mara baada ya hapo, zipigwe upepo mkavu wa Julai na Agosti. Rangi ipakwe Septemba.

Lakini ukaguzi ufanyike kabla, Machi, mvua ikiwa bado inanyesha kwa nguvu. Shika chaki, ingia kila chumba mvua inapopiga, zungushia alama kila mahali panapovuja au kulowa. Kisha toka nje na mwavuli uone maji yanakokwenda: yanasimama wapi, yanarukia ukuta gani, yanaingia kwa jirani au yanatoka kwa jirani. Nusu saa ya namna hiyo inakupa habari ambazo fundi atakayekuja Juni, kila kitu kikiwa kikavu, hawezi kuziona.

Nyufa nazo zipimwe. Chora mstari wa kalamu mwisho wa kila ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi miwili au mitatu. Ufa usiosogea unazibwa tu. Ufa unaosogea una sababu chini yake. Sehemu kubwa ya Lubumbashi ilikuwa na vichuguu virefu, vingine vya mita kadhaa, na nyumba nyingi zimekaa juu ya vichuguu vilivyosawazishwa. Udongo wake ni mfinyanzi: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukuta unafuata. Dawa ya kwanza ni kuyaweka maji ya mvua mbali na msingi, ili udongo usibadilike sana kati ya majira na majira. Mwembe au mparachichi uliopandwa karibu mno na ukuta nao uangaliwe, mizizi yake inanyonya maji chini ya msingi. Ufa wa wima kati ya nyumba ya zamani na annexe iliyoongezwa baadaye ni wa kawaida kabisa, kwani misingi miwili haishuki pamoja. Huo usiuzibe kwa simenti ngumu, utapasuka tena. Weka mastiki inayonyumbulika.

Ufa mpana unaoweza kuingiza kidole, au unaokata tofali lenyewe badala ya kupita kwenye viungo, mwite injinia.

Paa na dari

Kama paa ni la mabati, panda uangalie misumari kabla ya kulaani bati. Mara nyingi bati lenyewe ni zima, ila raba chini ya kofia za misumari zimekauka na kupasuka, au msumari umelegea kwenye mbao iliyooza. Kubadilisha misumari na mabati machache kunagharimu sehemu ndogo tu ya kuezeka upya. Ukilazimika kununua mabati, soma namba yake: BG 28 ni nene kuliko BG 32, ingawa namba yake ni ndogo. Wauzaji hutegemea mnunuzi asijue hilo.

Kama paa au dari ni la eternit, yaani zile bapa za kijivu za simenti zilizotumika sana enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, na baadaye, kuwa makini sana. Eternit za zamani zina asbesto. Zikikaa nzima hazimdhuru mtu. Zikikatwa kwa msumeno, zikitobolewa, zikivunjwa kwa nyundo au kusuguliwa kwa brashi ya chuma, zinatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo zikiingia kwenye mapafu zinaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo: dari ya eternit iliyo nzima iache, ipake rangi ya maji, au funga dari ya mbao chini yake bila kuigusa. Ukilazimika kuitoa, ilowanishe kwanza, ng'oa misumari taratibu, ishushe ikiwa nzima, ifunge kwenye plastiki nene na usiwaache watoto waisogelee. Mafundi wavae barakoa inayoziba vizuri. Kitambaa mdomoni hakizuii nyuzi hizo. Vipande visisagwe kujazia barabara ya parseli.

Juu ya dari kuna kitu kingine: vumbi. Tanuru la mji wetu lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa bomba lile refu ulikuwa unasukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa mtaa wa Gécamines na Penga Penga. Udongo wa upande huo una mabaki ya shaba, zinki, risasi na kadmiamu. Vumbi lililolala miaka hamsini juu ya dari ya nyumba ya huko si vumbi la kupigwa fagio kavu. Watoto watoke nyumbani siku hiyo, nyunyiza maji kidogo, likusanye kwa koleo na kitambaa chenye maji, litie kwenye mifuko, kisha osha sakafu mara mbili. Hata kwa mitaa mingine ningefanya hivyohivyo.

Maliza paa kwa kuweka mifereji ya bati ukingoni. Nyumba nyingi za hapa hazina, na ndiyo sababu sehemu ya chini ya kuta zake imekuwa nyekundu kwa udongo unaorushwa na maji.

Mchwa

Hakuna mji ninaoujua ambako mchwa wamezoeleka kama hapa. Udongo wa vichuguu vyao ndio unaofyatuliwa matofali ya nusu ya mji, na ukoo wao unaishi chini ya sakafu zetu.

Chukua bisibisi. Gonga kila fremu ya mlango kwa mpini wake, ukianzia chini. Mbao nzima inatoa sauti kavu na ngumu. Iliyoliwa inatoa sauti ya mkebe mtupu. Kisha bonyeza kwa ncha, sentimita tano juu ya sakafu. Utakuta fremu ambayo kwa macho ni nzuri, imepakwa rangi mara nne, lakini kidole gumba kinazama ndani yake: rangi imebaki peke yake, na nyuma yake ni magamba membamba ya mbao na udongo mkavu. Panda darini vilevile ukague kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, na nyuma ya makabati yaliyogusa ukuta. Mchwa hawapendi mwanga wala hewa kavu, hivyo husafiri ndani ya vijia vya udongo, vyembamba kama penseli. Ukiona kijia, vunja sehemu yake ndogo tu ya katikati. Kikirekebishwa ndani ya siku chache, ujue wako kazini.

Mlango wao mkubwa ni mguu wa fremu. Mafundi wa zamani walizamisha fremu ndani ya sakafu, na mguu wake ukagusa udongo. Kuweka fremu mpya ya mbao kwa namna hiyohiyo ni kuwapikia mchwa chakula cha miaka mitano ijayo. Fremu mpya ikae juu ya simenti, au weka fremu ya chuma. Mguu wa mbao ukatwe, shimo lisafishwe, limwagiwe dawa, lijazwe zege.

Dawa yenyewe inawekwa ardhini. Fundi anatoboa matundu kwenye sakafu kandokando ya ukuta, umbali wa kama sentimita 30 kati ya tundu na tundu, anamimina dawa ya mchwa iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha anaziba kwa simenti. Nje ya nyumba anachimba mfereji mdogo kando ya msingi na kufanya vivyo hivyo. Glavu, barakoa, watoto na kuku mbali. Na kama parseli ina kisima, kama zilivyo parseli nyingi sana hapa, upande wa kisima usimwagiwe dawa hata kidogo. Hapo toa tu mbao zote zinazogusa udongo na uvunje vijia kila mwezi.

Mafuta machafu ya gari yanafaa kwa nguzo za uzio. Ndani ya nyumba yananuka, yanatokeza madoa kwenye rangi, na mbao iliyoyanywa inashika moto haraka.

Mbao mpya za kenchi zinunuliwe zikiwa zimekauka na zimewekwa dawa kabla ya kupanda juu. Vipande vya mbao vilivyobaki visifukiwe kwenye parseli.

Kuta zinazolowa kutoka chini

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Ukuta una doa linalopanda hadi magoti, unga mweupe wa chumvi unatoka, lipu inadondoka. Fundi anakuja, anaangalia, anasema: "Papa, tupige tu simenti ngumu juu, ile maji itapotea." Haitapotea. Simenti ngumu inafunga ukuta, maji yanatafuta njia yanapanda juu zaidi, na mwaka ujao doa liko kiunoni.

Kuta nyingi za zamani hazina kizuizi cha unyevu juu ya msingi, na matofali yake mara nyingi yameunganishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo unapaswa kupumua. Kwa hiyo anza nje. Miaka arobaini ya kufagia, kujaza udongo na kupanda maua imeinua uwanja mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani. Chimba, uushushe uwanja uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na uupe mteremko wa sentimita tano kwa kila mita kwenda mbali na nyumba. Mwaga trotuari ya zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 80 unatosha, nayo iteremke nje. Kwa nyumba nyingi kazi hii pamoja na mifereji ya paa inamaliza sehemu kubwa ya tatizo kabla mwiko haujaingia ndani.

Ukitaka kuhakikisha maji yanatoka wapi, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa kupika na kulala, na dawa yake ni kufungua madirisha na vile vitundu vya juu vilivyozibwa na magazeti.

Kisha bandua lipu yote mbaya, hadi nusu mita juu ya doa. Chumvi ifagiliwe kavu; ukiiosha, unairudisha ukutani. Kwangua viungo vya matofali kina cha sentimita mbili. Sasa acha. Wiki sita, nane, kiangazi chote ukiweza. Fundi atalalamika kwamba siku zinapotea; mpe kazi ya umeme na mabomba kipindi hicho.

Lipu mpya iwe laini: karai moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga. Chokaa inapatikana, Kakontwe, karibu na Likasi, ni pahali pa chokaa tangu zamani. Mchanga uchekechwe na upimwe: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tabaka la matope likiwa nene juu ya mchanga, rudisha lori. Lipu imwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, hasa jua linapochoma, la sivyo itapasuka nyufa ndogo kila mahali.

Umeme kabla ya lipu

Nyumba hizi ziliwekewa nyaya wakati mahitaji yalikuwa taa chache, redio na pasi. Leo kuna frigo (friji), kongelatere (friza), televisheni mbili, kichemsha maji, resho (jiko dogo la umeme) na chaja za simu kila pembe. Fungua swichi moja baada ya kukata umeme mkuu. Ukikuta waya umevikwa raba nyeusi au kitambaa kinachovunjika ukikunja, hakuna cha kuokoa. Ng'oa zote.

Mwambie fundi unataka njia tofauti, kila moja na disjonkta yake (swichi inayojikata umeme ukizidi): taa kwa waya wa mm² 1.5 na disjonkta ya ampea 10. Prizi (soketi za ukutani) kwa waya wa mm² 2.5 na ya ampea 16 au 20. Jiko la umeme kwa waya wa mm² 6 na ya ampea 32. Disjonkta ya ziada ya miliampea 30, ile inayokata umeme mtu anapoguswa nao, iwekwe angalau kwa bafu, jikoni na prizi za nje. Waya wa ardhi lazima uwepo, na fimbo yake izikwe mahali penye unyevu, kwani udongo wetu wa kiangazi ni mkavu mno kupitisha umeme vizuri. Radi za Novemba si za kuchezewa.

Dukani, kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa, inapata joto na kulegea kwenye viungo. Katika mji wa shaba hakuna sababu ya kununua waya huo. Disjonkta ikikata mara kwa mara, usikubali kuwekewa kubwa zaidi. Inakata kwa sababu waya umezidiwa.

Umeme ukishuka jioni, frigo ndiyo inayoumia kwanza, basi iwe na stabilaiza yake. Na kwa kuwa ukuta uko wazi, pitisha sasa njia ya pili ya taa kwa ajili ya betri na paneli za jua, hata kama utazinunua baada ya miaka miwili. Kabla lipu haijafunika, piga picha kila ukuta ukiwa umeshika kipimo cha mkanda pembeni. Siku ya kutundika kabati utaikumbuka picha hiyo.

Mabomba na bafu

Mabomba ya chuma ya zamani yanaziba kwa kutu kutoka ndani. Fungua robine asubuhi kabla ya mtu yeyote: maji ya kahawia kisha uzi mwembamba ni dalili tosha. Badilisha yote kwa ya plastiki yanayostahimili msukumo, pitisha mahali panapofikika, na weka vali ya kufungia kila chumba cha maji. Kwa kuwa maji ya Regideso, kampuni ya maji, hayatoki saa zote, jenga mnara wa tanki nje. Usilipandishe tanki juu ya kenchi za nyumba ya zamani: lita elfu moja ni tani moja.

Sakafu ya bafu iteremke sentimita moja hadi mbili kwa mita kuelekea tundu. Kabla ya kupanga karo, ziba tundu, jaza maji kimo cha vidole viwili, subiri saa 24. Kama kimo kimeshuka au ukuta wa chumba cha pili umelowa, rudia kazi. Ukaguzi wa fosi septike (shimo la maji taka) ufanyike wakati huohuo; kama kuna kisima, mita 30 kati yake na fosi ndiyo inayofaa pale parseli inaporuhusu, na parseli zikiwa ndogo, maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa.

Jiko la watu wanaokula bukari (ugali)

Majiko yanayouzwa kwa picha yana meza ndefu ya marumaru, kimo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayesonga bukari ya watu kumi anajua kwamba kimo hicho hakifai. Kusonga kunahitaji mabega na uzito wa mwili, kwa hiyo mdomo wa sufuria unapaswa kufika kwenye nyonga, si kifuani. Jenga meza ya kawaida ya kukatia mboga, sentimita 85 hadi 90, kisha upande mmoja shusha jukwaa la zege la sentimita 35 hadi 40 kwa ajili ya mbabula (jiko la makaa). Kwenye jukwaa hilo acha shimo la duara ambamo mbabula inakaa bila kuteleza mama anaposonga kwa nguvu. Pima na yeye mwenyewe, sufuria kubwa ikiwa mkononi, kabla zege halijamwagwa. Hakuna sehemu ya nyumba itakayotumika zaidi ya hii.

Juu ya jukwaa jenga bomba la moshi la matofali, au dirisha pana na matundu ya hewa juu ya ukuta wa pili. Makaa yakiwaka vizuri hayatoi moshi, ndiyo maana yanadanganya: yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila baridi ya Juni na Julai kuna hatari ya mtu kuingiza mbabula chumbani ili apate joto, afunge mlango, alale. Hilo lisifanyike kamwe, hata na makaa yaliyobaki majivu. Na ndiyo sababu nyingine ya kuacha vitundu vya juu wazi. Tia wavu wa mbu, usizibe.

Sakafu, milango, rangi

Sakafu ya simenti nyekundu iliyo imara usiifunike na karo nafuu. Isugue kwa maji na sabuni, toa nta ya zamani, ziba mashimo kwa simenti iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga, ikikauka paka nta mbili na ung'arishe. Viraka vitaonekana mwaka wa kwanza, kisha vitafifia. Karo ziwekwe bafuni na jikoni. Mahali ambapo sakafu imetitia au inalia tupu ukigonga, vunja, shindilia, tandika plastiki nene, mwaga zege upya.

Milango ya zamani ya mbao ngumu ikwanguliwe na kuachwa; bawaba na vitasa ndivyo vibadilishwe. Rangi ya zamani ya mafuta kwenye milango na madirisha inaweza kuwa na risasi, hivyo isuguliwe kwa msasa wa maji, kamwe kavu, na maganda yakusanywe. Risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo anayetambaa.

Kuta zilizolowa zamani zipakwe rangi ya maji au chokaa. Rangi ya mafuta hapo itafunga unyevu, na kazi yote ya kiangazi itaharibika.

Kuhusu mafundi: nunua vifaa mwenyewe, hesabu mifuko ya simenti inayoingia na inayotumika, patana kwa kila kazi na si kwa siku, na lipa kwa hatua, hatua ya mwisho ikilipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza kunyesha na wewe ukiwa umezunguka tena na chaki yako. Waambie hivyo tangu siku ya kwanza, mbele ya shahidi. Fundi mzuri atakubali.

Mkirudisha vyombo ndani, acheni nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite na vijia vya mchwa vionekane, na kila mwaka mwishoni mwa Septemba mtu apande kusafisha majani kwenye mifereji ya paa.